Behewa la Vioo

Tuanze na kipigo, maana hata siku yenyewe ilianza hivyo. Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka sabini na nne, saa moja na nusu asubuhi, mgambo wanne walimwangusha Raymundi mbele ya mlango wake wakamshindilia marungu na mateke mpaka jino la mbele likaruka, likatua ndani ya kopo la miche ya nyanya. Alilia. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane alilia, na wala hakulilia jino. Kopo lilikuwa limepinduka, miche sita imelala kwenye vumbi, naye kwa mdomo uliojaa damu alikuwa akisema, "Iinueni. Iinueni jamani, jua linaipiga."

Aliyempiga zaidi ya wenzake wote alikuwa Lukumani, mtu aliyemzikia mtoto.

Nitaeleza. Raymundi alikuwa seremala wa mabehewa pale stesheni ya Tabora kwa miaka ishirini na sita. Wenzake wakistaafu waliondoka na redio au baiskeli. Yeye aliondoka na madirisha. Mabehewa makuukuu yalipokuwa yakikatwa vyuma aliomba vioo vyake, akapewa, akavisomba viwili viwili hadi kwake, maili tatu nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara. Akachonga fremu za mninga, akajenga kibanda cha hatua nane kwa nne, kuta vioo, paa vioo, na madirisha manne ya juu ya kufungua kwa fimbo. Watu walipoona miche imejengewa nyumba ya vioo na mwenye miche analala kwenye ya udongo na nyasi, walisema seremala amerukwa na akili. Kibanda wakakipa jina la Behewa.

Hakuwa akiuza kitu. Aliotesha kwa sababu alipenda kuotesha. Miche ikikomaa aliwagawia masista wa misheni, majirani, na Mama Taramati, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuja na gari lake kuchukua hoho na kubishana naye juu ya mbolea.

Na kazi ya Behewa ni joto tu, hakuna nyingine. Ukishindwa kulitawala joto, umejenga tanuri. Mwezi wa nane Tabora asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, mchana ni jua la kupasua kichwa, na mche wa nyanya wa wiki mbili hautaki hata moja kati ya hayo. Chini ya makopo Raymundi alitandika samadi mbichi ya ng'ombe, maana samadi ikioza hutoa joto usiku kucha. Jioni alifunika miche kwa magunia. Jua likitoka alifunua. Ndani alitundika kipimajoto cha zebaki alichopewa na padre, akakiweka usawa wa majani, si usawa wa pua yake, kwa sababu anayeishi humo ni mche. Nyuzi ishirini na tano alifungua dirisha moja la juu. Thelathini alifungua yote na mlango. Ikizidi hapo alimwaga maji sakafuni, maji yakawa mvuke, mvuke ukaondoka na joto. Saa kumi alasiri alifunga kila kitu ili vioo vilale na jua la mwisho. Mkewe, Apolinaria, alikuwa akimtania: "Mimi nilipougua homa hukunipima hata kwa mkono. Nyanya zinapimwa mara sita kwa siku."

Lakini Apolinaria alijua nyanya zile zimetoka wapi, ndiyo maana hakuwa akisema zaidi ya hapo.

Lukumani alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na reli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zao akina Raymundi walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani, wakila kwa Wazaramo, wakigombana nao na kupatana. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako hudai. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi, na ndiye anayekuchekesha kwa nguvu ili usimfuate maiti wako. Mwaka sitini na tano Anton, mtoto wa pekee wa Raymundi na Apolinaria, alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Raymundi hakulia, hakula, hakusema. Siku ya tatu Lukumani alijifunga kitenge cha Apolinaria, akapanda juu ya kinu katikati ya waombolezaji, akamtupia baba wa marehemu nyanya bovu, pwaa, katikati ya paji la uso. "Mpagazi! Pembe zimekwisha, sasa unabeba kimya?" Watu walicheka. Raymundi naye alicheka, na katika kucheka ndipo kilio kilipomtoka.

Mvua zilipoanza, mche mmoja wa nyanya uliota uani, pale pale yalipodondoka maji ya lile bovu. Apolinaria alitaka kuung'oa. Raymundi aliuzungushia miiba. Tangu hapo, kila mwaka alikamua mbegu zake, akazichachusha ndani ya maji siku tatu, akazianika kwenye gazeti, akazitia kwenye kibuyu. Ziliitwa nyanya za msiba. Na kila mwaka tunda la kwanza kuiva hakulila yeye wala mkewe. Lukumani alilivizia, akaliiba, akalila hadharani akifuta mdomo kwa mkono, na Raymundi akamfukuza kwa matusi mpaka barabarani. Miaka tisa mfululizo.

Mwaka huo wa sabini na nne watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa ile operesheni ya serikali. Wengine walihama wenyewe, wengine walihamishwa, na habari za waliohamishwa zilifika zikinuka moshi: huko njia ya Nzega mtu kachomewa nyumba na godoro ndani, huku mwanamke kajifungulia juu ya lori. Raymundi alikwenda ofisini akaomba siku kumi tu, miche izoee jua, kisha atafungua vioo vyake na kuhama kwa miguu yake. Karani alimwambia, "Tutaona." Raymundi, aliyefanya kazi serikalini miaka ishirini na sita na aliyepaswa kulijua neno hilo, alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Jumamosi Lukumani alikuja na mgambo wengine wawili. Yeye sasa alikuwa kiongozi wa kikosi, kombati imempwaya, rungu kiunoni. Walikuwa wakiandika majina ya kaya. Alisimama mlangoni mwa Behewa, akachungulia makopo mia moja na ishirini yaliyopangwa kama wanafunzi, kila kopo miche sita.

"Mpagazi, bado unachemsha majani?"

"Mla nazi, hiyo kombati imekufanya ufanane na binadamu. Mrudishie mwenyewe."

Wale mgambo wawili walicheka. Lukumani aliwatazama, kisha akamtazama Raymundi.

"Sikiliza, mtumwa wangu. Alhamisi nakuja na lori. Nyumba hii naichoma. Na haya mavioo yako nayavunja moja moja kwa mkono wangu mwenyewe. Kama una akili, yafungue leo uyafunge kwenye magunia, umchukue mkeo, mhame kabla ya Jumatano."

Raymundi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Uje na chumvi, tuoke na mihogo!"

"Nimekwambia, lakini."

"Na mimi nimekusikia. Na usije na njaa, ukanilia mlango."

Lukumani aliinama, akaokota kopo moja la miche, akalipakata kama mtoto. "Hii nakwenda kuipika mchicha," alisema, akaondoka nalo.

"Mwizi!" Raymundi alimpigia kelele huku akifuta machozi ya kicheko. "Basi usiku uifunike, jua likitoka uifunue, usiniulie wanangu!"

Apolinaria alikuwa akipeta mtama. Aliacha ungo. "Baba Anton, yule hakuwa anatania. Macho yake hayakucheka."

"Mama Anton, Mzaramo akiacha kutania ujue amekufa."

Hilo ndilo kosa lake, na mtu wa kabila jingine asingelifanya. Mgeni angekuja akamwambia maneno yale yale, Raymundi angekimbia kutafuta magunia. Lakini yalitoka kwa mtani, na kwa miaka kumi watu hawa wawili hawakuwahi kuambiana neno moja lililonyooka. Hata kuulizana hali walitukanana. Lukumani alikuwa na ukweli mdomoni, mashahidi wawili pembeni wa kumchongea kwa wakubwa, na lugha moja tu ya kuusemea. Aliusema. Haukusikika.

Alhamisi malori mawili yaliingia uani vumbi likiwa limeyatangulia. Raymundi alikuwa ametoka tu kuyapanga makopo machache nje, nusu saa ya jua la asubuhi, somo la kwanza la miche. Aliona mgambo kumi na tano hivi, akaona afisa mwenye miwani aitwaye Yoramu, aliyekuwa na bastola na orodha, akamwona Lukumani ameshika debe la mafuta ya taa. Mtu mwingine angeelewa. Raymundi alipanua mikono kama anayezuia harusi isipite.

"Karibu, mla nazi! Leo umekuja kuiba nini, mtumwa wangu? Na huyu bwana uliyemleta, ni mkweo au ni mzigo wako?"

Majirani waliokwisha kupakiwa kwenye lori la kwanza walisikia kila neno, na mmoja, Mungu amsamehe, alicheka.

"Anamwita nani mtumwa?" Yoramu aliuliza.

"Ni utani, bwana afisa," Lukumani alisema haraka. "Mimi na huyu ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo."

"Utani ni ukabila. Hapa kuna serikali. Anaidharau operesheni mbele ya wananchi, na wewe unaniletea habari za makabila?" Alivua miwani, akaifuta. "Mpige."

"Bwana afisa..."

"Mpige wewe, mtani wake. Au nawe upande kwenye lori."

Rungu la kwanza lilimpata Raymundi begani, na alicheka. Niamini. Aliona ni sehemu ya mchezo, kwamba mzee mwenzake anaigiza mbele ya mkubwa. La pili lilimpata mbavuni, akasikia kitu kimekatika, na kicheko kikaishia kooni. Wengine watatu wakaingia na viatu. Hapo ndipo jino lilipotoka. Lukumani alipiga huku ameuma midomo, alipiga sana ili wengine wapate nafasi ndogo, na hilo Raymundi hangeweza kulijua, alichokiona ni mkono ule ule uliolishika jembe la kaburi la Anton ukipanda na kushuka.

Apolinaria alitoka na mchi. Alimpiga mgambo mmoja kwenye goti mpaka akalia kama mbuzi, wakampokonya, wakamkunja mikono nyuma, akamng'ata mwingine kidole asikiachie mpaka walipompiga kofi la kumtoa kilemba. Walimburuta hadi lori la pili, wakamrusha juu ya mizigo ya watu.

Yoramu alikuwa akizunguka Behewa, akigonga vioo kwa kucha. Aliingia, akatoka anapepea uso kwa orodha.

"Nyuzi ishirini na saba asubuhi hii! Wananchi wanalala kwenye baridi, yeye anapasha moto majani." Alitafakari kidogo, na wazo lake likampendeza. "Mfungeni mikono, mtieni humo. Fungeni madirisha na mlango. Joto linalomfaa mche litamfaa na mwenyewe." Kisha alimwinamia Raymundi, akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Ukivunja kioo kimoja, mimi navunja vyote na takataka zako nazichoma. Ukitulia mpaka tumalize kazi, nakuachia uzichukue. Lukumani, utamlinda."

Walimtupa ndani, wakapigilia mti mlangoni. Fimbo ya kufungulia madirisha ya juu wakaitupa ndani ya nyumba, iliyokuwa ikimwagiwa mafuta ya taa.

Saa mbili na nusu zebaki ilisimama thelathini na tatu. Raymundi aliinuka kwa magoti, mikono imefungwa mgongoni, akatazama kipimajoto kabla ya kutazama kitu kingine. Sasa ndipo angefungua kila kitu. Hakuwa na la kufungua. Nje, nyasi za paa lake zilishika moto zote kwa pamoja, hatua kumi tu kutoka kwenye vioo, na ndani ya nyumba ile, kwenye mwamba wa paa, kilining'inia kibuyu cha mbegu. Alikisikia kikipasuka, au alidhani amekisikia. Basi kwa hesabu yake nyanya za msiba zilizobaki duniani zilikuwa hizi zilizokuwa humo pamoja naye.

Alifanya alichoweza. Aliisukuma kwa bega ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, ikamwagika sakafuni, mvuke ukapanda, zebaki ikashuka nyuzi mbili. Akalala kifudifudi, akauma gunia lenye majimaji kwa meno yaliyobaki, akaliburuta juu ya makopo, akarudi kuburuta la pili. Kila gunia lilimgharimu damu mdomoni. Miche ya mbele ilianza kulegea shingo.

Saa tatu, thelathini na nane. Nyumba ilikuwa ikiwaka na vioo vya upande ule havikushikika.

Saa tatu na nusu, arobaini na mbili.

"Baba Anton, vunja!" Apolinaria alipiga kelele kutoka kwenye lori, kilemba hana, nywele mvi zimetimka. "Vunja, watakuua! Piga teke!"

Alimsikia. Alitikisa kichwa. Na hapo ndipo ninapomkasirikia, mpaka leo, ninapokumbuka. Kioo kipo mbele ya mguu wako, mkeo anakulilia, wewe unamwamini mtu aliyechoma nyumba yako kwamba atakuhurumia nyanya! Lakini yeye hakuwa akihesabu hivyo. Alishawahi kumpoteza Anton mara moja, na hakuweza kuunyanyua mguu.

Lukumani alisimama nje, mgongo umekitazama kioo, bunduki aliyopewa ya ulinzi imemning'inia. Raymundi aligonga kwa paji la uso. Hakugeuka. Aligonga tena. Mara ya tatu Lukumani aligeuka, lakini hakumtazama usoni. Alikuwa akisoma kipimajoto. Alijua kukisoma. Raymundi alimfundisha mwenyewe, kwa matusi, mwaka baada ya mwaka: thelathini fungua, thelathini na tano mwaga maji, arobaini chimba kaburi.

Zebaki ilikuwa arobaini na sita.

Hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya samadi na majani yaliyochemka. Raymundi aliacha kutoka jasho, ngozi ikawa kavu, na hiyo ni dalili mbaya kwa mtu kama ilivyo kwa mche. Alimwona Anton ameketi katikati ya makopo anapanga mawe. Akamwambia asogee kivulini. Kisha alianguka ubavu, shavu kwenye matope ya moto, na kitu cha mwisho alichokiona vizuri ni mdomo wa Lukumani nyuma ya kioo ukisema, vunja, mpagazi, vunja.

Alijibu kwa midomo mitupu. "Miche."

Kioo cha kwanza kiliingia ndani kwa kitako cha bunduki. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Lukumani hakuvunja kimoja tu cha kupitia. Alilizunguka Behewa zima akivunja moja moja, kwa mkono wake mwenyewe, akilia na kutukana, "Mnyamwezi mpumbavu! Mpagazi usiye na masikio! Nilikwambia!" Vipande vilimkata mikono na uso, hakusimama. Hewa iliingia. Alipita kwenye fremu, akamshika Raymundi kwapani, akamvuta mpaka nusu ya mwili iko nje, akakata kamba kwa kipande cha kioo.

Yoramu alitokea nyuma yake akikimbia. Alimnyang'anya mgambo wa karibu bunduki na kumpiga Lukumani kisogoni kwa kitako, pigo la mtu anayepasua kuni. Lukumani alianguka mbele, juu ya fremu, na kipande cha kioo cha behewa, kinene, kilichosimama kama jembe, kikamwingia chini ya kwapa.

Damu iliruka. Iliruka mbali, ikarudi, ikaruka tena. Mgambo walirudi nyuma. Hata Yoramu alirudi nyuma, akaitazama suruali yake.

Raymundi alitambaa. Alivuta gunia bichi lililofunika miche, akalishindilia pale kwapani kwa mikono miwili na goti. Gunia likawa jekundu, maji na damu. Nyuma yao mgambo, kwa amri au kwa woga tu, walikuwa wakiyapiga mateke makopo yaliyobaki, wakiyamwagia mafuta ya taa.

"Nilisema nitavivunja," Lukumani alisema.

"Nilidhani unatania."

"Najua." Alivuta pumzi, ikatoka na povu. Macho yake yalikuwa yakicheka sasa, Mungu wangu, yalicheka kweli. "Babu zako wamebeba pembe mpaka pwani. Basi nibebe na mimi, mpagazi, mpaka pale kwenye lori."

Akambeba. Mbavu zake mbili zilikuwa zimevunjika na kichwa kinazunguka, lakini alimpandisha mgongoni, akainuka, akatembea hatua arobaini mpaka kwenye lori huku damu ya mtani wake ikimtiririkia kifuani na miguuni. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Apolinaria alimpokea kwa juu, akampakata kichwa. Dereva alitaka kuondoka mara moja kwenda hospitali. Yoramu alisema lori ni la operesheni, litaondoka likijaa. Walipakia vitanda, kuku, magunia ya mtama, mtu mmoja mmoja, robo saa nzima. Lukumani alikata roho kabla hawajafika kwenye reli.

Alizikwa Ijumaa asubuhi mjini, Ng'ambo, kwake. Wenzake wa kombati hakuja hata mmoja. Walikuja majirani, watu wa reli, na Wanyamwezi wengi, maana Mzaramo akifa Tabora wa kumzika kwa vituko ni Mnyamwezi. Lakini vituko havikuja. Kila mmoja aliangalia miguu yake.

Jeneza lilipotoka kwenye kizingiti, Raymundi alikuwa amesimama langoni. Alikuwa ametoroka hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji, mdomo umevimba, pengo mbele. Apolinaria alikuwa nyuma yake akimshika shati asianguke. Alipanua mikono vile vile kama jana.

"Hapiti mtu hapa," alisema.

Wabebaji walisimama. Wazee walipumua, wengine wakaanza kutabasamu, kwa sababu hii ndiyo haki ya mtani: anazuia jeneza, anatukana, anakombolewa kwa chochote, anapisha.

"Huyu amenivunjia vioo vyote. Vyote! Hakuniachia hata cha kujitazamia pengo langu. Ashuke avirudishe kwanza. Anakwenda wapi na kiburi chake, amelala chali kama bwana, anabebwa? Leo nani mpagazi?"

Watu walicheka. Ilikuwa sawa kucheka. Raymundi alifungua mdomo aendelee na tusi la pili, na halikuja. Alisimama pale mikono imepanuka, na kicheko cha watu kikafa kimoja kimoja.

Zamda, mke wa marehemu, hakutoka nje, maana alikuwa ameingia edani. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, akanyoosha mkono. Mkononi palikuwa na kopo.

"Baba Anton," alisema, "namkomboa rafiki yako kwa hiki. Alikuja nacho Jumamosi. Usiku tunakifunika gunia, jua likitoka tunakifunua, kama ulivyomwagiza. Akaniambia, 'Nimemwambia mpagazi wangu ukweli wote naye amecheka. Kufika Ijumaa hatakuwa na mche hata mmoja. Hiki kitakuwa chake, umpe, asijue kama nilimwonea huruma.'"

Kopo lilipita mkono kwa mkono mpaka langoni. Raymundi alilipokea. Miche sita, imesimama wima, na katikati ya kila mmoja jani jipya la tatu, dogo kama ukucha. Aligusa udongo kwa kidole. Ulikuwa na unyevu wa asubuhi hiyo.

"Mwizi," alisema polepole, akilitazama jeneza. "Mwizi mkubwa wewe."

Walicheka tena, na yeye alikuwa analia. Jua lilikuwa limeshapanda. Alilitua kopo chini ya ukuta, kwenye kivuli, akaliegemeza vizuri lisipinduke, kisha akaenda akaingiza bega lake chini ya jeneza.